Gari Lililogoma Kutoka P Mlangoni kwa Wakwe

Ushawahi kufukuzwa nyumbani kwa watu, halafu ukashindwa kuondoka?

Mie yamenikuta. Mbagala, mchana kweupe, majirani wote wanatazama.

Tulikuwa tumepeleka posa kwa kina Najma. Mie Talha, mama yangu, na mjomba Khalfani, mshenga wetu. Mjomba ni mtu mwema. Tatizo lake mdomo.

Najma nilikutana naye dukani kwa baba yake, Mzee Mwinshehe, anayeuza spea za magari. Nilienda kununua balbu. Nikarudi kununua nyingine. Nikarudi tena. Ikafika mahali nina balbu nyingi kuliko ukumbi wa harusi.

Posa ilianza vizuri. Shikamoo zikapita, juisi ya ukwaju ikapita. Mjomba akanogewa.

"Mzee, sie ni watu wa Kinyerezi. Umeme wa mji huu unafuliwa kwetu. Binti akija huko hatokaa gizani kama huku."

Nikamwona mama anafumba macho.

Mzee Mwinshehe akaweka glasi mezani taratibu. "Kama huku?"

"Namaanisha, mzee..."

"Nimekuelewa. Chukueni posa yenu mrudi nayo. Binti yangu atabaki na giza lake."

Jamani, roho iliniuma! Yule binti nampenda kuliko ninavyoweza kueleza, na mjomba kaniharibia kwa sentensi moja.

Tukatoka vichwa chini, mama kaibeba posa kwenye kitambaa chake. Nikawasha gari, likawaka. Nikakanyaga breki, nikaushika mkono wa gia niutoe P, ile ya kuegesha, nirudi nyuma.

Mkono haukutoka P.

Nikavuta tena. Wapi! Hata kile kitufe chake hakibonyezeki. Nikazima, nikawasha upya. Injini inaunguruma kwa raha zake, ila gari halina habari ya kwenda popote.

"Vuta kwa nguvu, we si mwanaume?" mjomba akafoka.

"Nikiuvunja utatubeba mgongoni?"

Jirani mmoja, Theonest, akajongea na ndala zake. "Braza, hiyo hidroliki imekauka."

Mjomba akasema hapana, kompyuta imechanganyikiwa. Bi Mwanaheri, dada yake Mzee Mwinshehe, akatokeza mlangoni na mwiko mkononi, akasema gari limefungwa na mtu. Wakajaribu kulisukuma. Gari lililo kwenye P halisukumiki, lakini nani anasikia? Walisukuma mpaka ndala ya Theonest ikakatika.

Mwisho Mzee Mwinshehe mwenyewe akatoka. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akachungulia chini ya usukani, akautikisa mkono wa gia. Akajinyoosha.

"Giaboksi hiyo. Leo hamuondoki."

Akarudi ndani. Nikakaa tena kwenye usukani, nakanyaga breki bure. Muuza spea akishasema giaboksi, we unabisha nini?

Mama alikuwa kasimama nyuma ya gari, kwenye kivuli cha ukuta. Akaniita. "Talha, mbona ukikanyaga breki taa za nyuma haziwaki?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Najma mwenyewe aliwahi kunifundisha pale dukani. Gari la automatiki haliachii mkono utoke P mpaka lijue umekanyaga breki, na taarifa hiyo inatoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za nyuma. Taa zikifa na mkono ukagoma kwa pamoja, anza na fyuzi na swichi ya breki. Giaboksi iache ipumzike.

Nikainama chini ya usukani. Kifuniko cha fyuzi kinaning'inia. Fyuzi ya breki haipo.

Na pembeni ya kifuniko kuna alama ya kidole. Hina mbichi.

Nikainua macho. Pazia la dirishani likasogea. Najma huyo, vidole vyote hina, kashika kifyuzi chekundu ananionyesha. Kisha akaweka kidole kwenye midomo, ninyamaze.

Joto lilifanya tuache vioo vya gari wazi. Baadaye binti alinieleza: alipomsikia mjomba anaanza habari za umeme, alijua mwisho wake, akapitia mlango wa uani.

Nikakirudishia kifuniko vizuri. Nikatoka nje, nikatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Mzee yuko sahihi. Ni giaboksi."

Adhana ya adhuhuri ikapigwa, watu wakaswali, na pilau jikoni ilikuwa imeshaiva. Kwa watu wale, mgeni aliyeko mlangoni kwako wakati wa chakula hakosi sinia, hata kama umemfukuza.

"Watakaa juani sie tunakula?" Bi Mwanaheri akang'aka. "Waingie!"

Sinia moja kwa wanaume. Mzee na mjomba uso kwa uso. Sijawahi kumwona mjomba amenyamaza vile.

Kisha nikaona mkono wa Mzee unasukuma pande la nyama upande wa mjomba.

Mjomba akaweka tonge chini. "Mzee, nilisema upuuzi. Nisamehe. Na ukweli, juzi Kinyerezi tumelala gizani."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Bi Mwanaheri akapiga kigelegele kabla hata jibu halijatolewa. Posa ikapokewa palepale, mikono ikinukia pilau.

Wakati wa kuaga nikapewa kifurushi cha kashata kutoka kwa Najma. Chini yake, fyuzi; nikaichomeka kimyakimya, gari likaondoka. Mjomba mpaka leo anasimulia pilau iliyoponya giaboksi.

Siku ya ndoa, Mzee alinishika mkono kuniozesha. Kitu kigumu kikanichoma kiganjani. Baada ya dua nikafungua kiganja. Fyuzi nyekundu, mpya.

"Ya akiba," akaninong'oneza. "Ile hina niliiona kabla yako."

"Sasa mzee, mbona ulisema giaboksi?"

"Nilishawafukuza mbele za watu. Ningewaitaje tena? Nilipoona mwanangu kaharibu hina yake kwa ajili yako, nikajua nimekosea. Nikaona bora giaboksi ibebe lawama."

Nililia, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkono ukigoma kutoka P, mwambie mtu akutazamie taa za breki kabla hujaruhusu giaboksi kushushwa. Na mtu mzima mwenye hasira akitafuta njia ya kurudi nyuma, usimzibie.

Jana tumegombana kidogo na Najma. Nikachukua ufunguo, nikawasha gari nitoke.

Mkono haukutoka P.

Fyuzi ya akiba ninayo mfukoni. Nikazima gari, nikarudi ndani kula.