Nilisogeza Mpaka wa Kitongoji Ili Nimkomoe Mwenyekiti

Nimekosa jamani, tena kwa makusudi. Mtu asiniambie nilipitiwa na shetani. Nilijua ninachofanya!

Mimi ni mwanamke wa Newala, upande wa Kitangari. Baba alipofariki, baba mdogo alijitwalia mikorosho yetu yote, akatufukuza na nyumbani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Baba Hadija. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Akasema mbele ya watu, "Mtoto wa kike anataka shamba la nini? Kaolewe!" Wakacheka. Mama yangu akiwa amesimama palepale!

Kicheko kile nilikaa nacho miaka.

Kabla ya sensa nikapata kibarua cha kutenga maeneo ya kuhesabia watu. Unapewa kishikwambi chenye ramani, unazunguka na mwenyekiti, anakuonyesha kitongoji chake kinaishia wapi, unachora mstari. Mwenyekiti alikuwa yule yule! Akanionyesha nyumba moja moja, jasho linamtoka, ananiita "mwanangu".

Nikamwitikia vizuri. Nilipobaki peke yangu nikausogeza mstari. Nyumba zote za upande wa mteremko nikazitupa kitongoji cha jirani. Nikatuma. Siwafichi, moyo ulipoa!

Matokeo yakatoka, kitongoji chake kikaonekana kina watu wachache mno. Mradi wa maji ulipokuja, bomba likaenda kitongoji cha jirani, mbali huko. Kwenye mkutano Baba Hadija alisimama, sauti inamkatika: "Watu wangu wameenda wapi?" Nikacheka kimoyomoyo.

Kumbe nilikuwa najicheka mwenyewe. Baba Hadija ana pikipiki, analetewa madumu yake hadi mlangoni. Wanaoteremka bondeni kuchota maji ni wanawake. Mama Zuhura, aliyetupokea kwake tulipofukuzwa, aliteleza na ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Hatembei tena.

Nilipoenda kumwona akanishika mkono. "Mwanangu, si wewe ulipita na kile kidude? Hivi sisi walitusahau vipi?"

Nikamwambia sijui. Ee Mungu wangu! Nilimtazama machoni nikamwambia sijui!

Sasa namchotea maji kila asubuhi. Ananiombea dua, nami naitikia amina huku nimeinamisha uso.

Baba Hadija sijamsamehe, na hilo nalo naliungama. Ila wewe uliyepewa kazi ya watu na una kinyongo na mtu, mfuate mlangoni kwake mchana kweupe, mgombane mpaka sauti ziwakauke. Kazi ya watu iache ilivyo!