Biskuti ya Pete

Ilikuwa 2020. Apana, 2020 Kudra alikuwa bado anatawala jiko lake; ni 2021, wiki ile mpaka wa Gatumba ulipofunguliwa tena. Ndipo mzee Shakuru, fundi baiskeli wa mtaa wa Jabe, alipokanda unga kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kudra, mke wake, alikuwa amezikwa Ijumaa iliyotangulia, na matanga yalikwisha anuliwa. Binti yao wa pekee, Houda, aliyeolewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, hakujua lolote. Kwao habari ya msiba haipandi simu. Mtu aje kwanza, anawe mikono, ale kitu cha nyumbani, ndipo aambiwe akiwa ameketi. Basi alipopiga, Shakuru alimwambia mama amelala. Houda akacheka.

"Akiamuka mwambie mi nakuja kesho. Anipikie biskuti, Idd sikula."

Biskuti hizo zilikuwa za zamani, tangu mji ukiitwa Usumbura. Bibi yake Kudra alijifunza kuzipika kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, kisha akaziongezea hiliki. Vipimo vyake havikuandikwa popote. Kudra alikuwa akivitaja kwa sauti kila alipopika, kama mtu anayesoma dua: unga vikopo vitatu, samli kimoja, sukari isizidi samli, ndimu ikwaruzwe ganda la kijani tu, maana jeupe ni chungu. Shakuru, akiziba pancha barazani, aliyasikia hayo miaka yote.

Léocadie, jirani kutoka Uvira, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, alikuja kumwashia makaa. Sufuria ikatiwa mchanga, ikafunikwa, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko.

"Mzee Shakuru, unakanda unga ao unavalisha tairi? Polepole!"

"We Mama Léocadie, kauze ndagala zako, uniache."

"Na zikiungua?"

"Zikiungua, Houda atajua."

Léocadie akapunguza makaa juu ya kifuniko.

Alizikata kwa kofia ya kengele ya baiskeli, ile aliyomfungulia Kudra ya kukatia biskuti, zamani za uchumba wao. Zikaiva rangi ya mchanga wa ziwa, harufu ileile. Akaonja moja, ikambidi atoke uani kidogo.

Houda alifika mchana, miguu imevimba kwa kukaa mu basi.

"Mama iko wapi?"

"Ametoka kidogo. Nawa mikono kwanza, mama yangu."

Akanawa. Alipoiona sahani, uso ulimkunjuka. Akachukua moja, akaila nusu, akafumba macho. "Ndiyo zenyewe." Shakuru akashusha pumzi. Lakini mkono wa binti ulikuwa umerudi sahanini, unapekua juu, unapekua chini.

"Unatafuta nini?"

"Yangu, Baba. Ile ya pete. Mama anaitoboa katikati, ananivalisha kidoleni kulekule jikoni, kabla sahani haijatoka. Tangu niko mutoto. Hajasahau hata siku moja."

Kisha akaitazama mikono ya baba yake. Unga ulikuwa bado kwenye kucha, juu ya grisi nyeusi. Ile nusu ya biskuti akairudisha sahanini taratibu.

"Baba. Ni lini?"

"Ijumaa."

Hakupiga kelele. Alilaza kichwa mezani, na aliyelia kwa sauti, kwa niaba yao wote, ni Léocadie pale mlangoni.

Siku zikapita, lakini jambo moja halikumtoka Shakuru. Ndoa nzima hakuwahi kuiona hiyo pete. Na mpaka ulipofungwa, Idd zilipita Houda akiwa ng'ambo, na Kudra akapika kama kawaida yake, mlango wa jiko ameurudishia. Alimwuliza Houda kama Idd hizo nazo pete ilitobolewa, hakujua. Sasa kila akienda makaburini huondoa majani, husoma Fatiha, kisha huinama karibu na udongo kama anayeogopa kusikiwa na majirani:

"Kudra, Idd zile, pete ulikuwa unamvalisha nani?"