Ziara ya Bure Kisiwani

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwa saa za Meksiko, mwongozaji wetu alisimama katikati ya boti akaanza kutupa maagizo kwa Kihispania. Mimi sikujua Kihispania. Mwanariadha mwenzangu, msichana kutoka upande wa Fort Ternan, alikuwa amekimbia mbio katika nchi hiyo kwa misimu miwili na alikielewa, kwa hivyo meneja wetu alimwambia anitafsirie. Mwongozaji alipotua, yeye alinigeukia.

"Anasema uteme mate ndani ya miwani usugue, ndiyo isishike ukungu."

"Mate?"

"Yako, Kogo. Mimi sikukopeshi yangu."

Kogo kwetu ni nyanya. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikuwa na mjukuu hata mmoja, lakini tangu tulipoanza kusafiri pamoja aliniita hivyo, na meneja akaiga. Katika mbio za barabarani watu wa umri wangu ni wachache, na walio wachache huitwa vyovyote.

Tulikuwa tumeletwa kukimbia nusu marathoni kisiwani, kesho yake alfajiri. Kampuni moja ya utalii ilikuwa imelipia tiketi zetu na hoteli, na aya ya mwisho ya mkataba ilisema kwamba wanariadha wageni wataenda ziara ya siku moja wapigwe picha: asubuhi kuogelea na kutazama samaki, mchana kutembelea kijiji cha utamaduni wa Wamaya. Nilimwomba meneja aniache chumbani niinue miguu ukutani. Alikuwa kijana wa Sotik, mcheshi, anayechukua asilimia kumi na tano ya kila tulichopata.

"Mama, hicho chumba wanalipa wao," aliniambia. "Usipoenda, miguu utainua kwa ukuta gani?"

Lazima nieleze kwa nini mbio hizo zilikuwa na uzito kwangu. Nyumbani Boito nilikuwa nikichuma chai ya shamba ambalo marehemu mume wangu aliachiwa kwa maneno tu. Hati ilikuwa ya baba yake, na baba yake alipofariki, shemeji zangu wawili wakawa ndio wenye kusema. Walikubali kuniuzia sehemu niliyokuwa nikiitunza. Nilipe kidogo kidogo, mradi nimalize kabla ya mwaka kwisha. Nisipomaliza, nilichokwisha kulipa kitahesabiwa kuwa kodi ya miaka niliyochuma, nao watamwuzia jirani. Hayo yaliandikwa. Niliyasoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, nikakubali kwa sababu nilikuwa na hakika na miguu yangu. Sasa ulikuwa mwezi wa Desemba, na zawadi ya nafasi ya tatu katika mbio hizo ingelimaliza deni lote na kubakisha nauli.

Nilitaka nafasi ya tatu na si nyingine. Mimi niliacha shule darasa la saba, na mambo ya mazoezi nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua vimetandazwa chini mjini Kericho. Najua kusoma orodha ya washiriki. Walikuwepo Wahabeshi wawili ambao hakuna kati yetu angewashika. Baada yao tulibaki mimi na huyu msichana. Muda wetu bora ulikaribiana sana, na wa nne alikuwa akipewa kiasi ambacho baada ya asilimia za meneja kinaishia uwanja wa ndege. Yeye pia alikuwa amesoma orodha hiyo. Tulikuwa tukilala chumba kimoja.

Mwongozaji aliendelea. Msichana alinitafsiria jinsi ya kuuma bomba la kupumulia kwa meno, jinsi ya kupuliza maji yakiingia, na kwamba jaketi la kuokolea litanifanya nielee hata nisipofanya kitu. Mwongozaji akasema jambo jingine refu kidogo, akionyesha chini kwa kidole na kutikisa kichwa. Watalii wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilimtazama msichana.

"Anasema boti ikipiga honi mnarudi," alisema.

Nilipewa mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, nikayakataa. Kucha zangu mbili za vidole vikubwa zilikuwa nyeusi kwa mazoezi, na mpira ule ungezing'oa. Nikaingia majini miguu mitupu. Kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri, sina sababu ya kusema vinginevyo. Maji yalikuwa ya joto kama ya kuogea mtoto, na samaki walipita chini yangu wenye rangi ambazo kwetu huzioni ila kwa vitambaa vya kanisa. Kisha miwani ikavuja. Maji yaliingia puani, nikameza, bomba likanitoka mdomoni, na nikaanza kupigapiga mikono.

Mito ya kwetu ni baridi na ina mawe. Mtoto anayevuka akiogopa maji hutafuta jiwe, husimama juu yake, hupumua, ndipo huendelea. Nimefanya hivyo tangu nikiwa nachota maji, na wala halikuwa jambo la kufikiri. Niliona jiwe la rangi ya kahawia karibu, kina cha kifua, nikalisimamia kwa mguu wa kulia.

Halikuwa jiwe. Lilikuwa tumbawe, na tumbawe ni mnyama, au wanyama wengi walioshikana, jambo nililolisoma baadaye. Katika ufa wake alikaa mnyama mwingine, mweusi, wa mviringo, mwenye miba mirefu kama nungunungu. Maumivu yaliingia kisigino chote kwa pamoja, na yalikuwa ya moto. Nilipiga kelele nikameza maji tena.

Mwongozaji alinivuta hadi kwenye ngazi ya boti huku akifoka. Nilidhani anafoka kwa sababu ya mguu wangu. Alikuwa akielekeza kidole nyuma, kwenye tumbawe, ambalo kipande chake kilikuwa kimevunjika.

"Anasema umeharibu," msichana alisema. "Hii ni hifadhi. Kuna faini, na lazima aripoti, asipofanya hivyo atanyang'anywa leseni."

Hilo alilitafsiri lote.

Meneja alikuwa amekaa kivulini na simu yake. Aliutazama mguu, akaona ncha nyeusi zimejaa kisigino kama ndevu za siku mbili, akacheka kabla hajajizuia.

"Nyinyi watu wa chai mkiona maji mnakuwa kama ng'ombe kwa josho," alisema. "Faini itatoka kwako, Kogo. Mimi sikukanyaga kitu."

Niliuliza kama tunaweza kwenda hospitali. Alisema picha za mchana bado.

Kijiji cha Wamaya kilikuwa dakika thelathini kwa basi. Kilijengwa kwa ajili ya wageni: vibanda vya makuti, njia za changarawe, duka mlangoni na duka mlango wa kutokea. Nilitembea kwa vidole vya mguu wa kulia. Mwongozaji wa pale alizungumza Kiingereza, kwa hivyo nilisikia mwenyewe. Alituonyesha mama mmoja akisaga kakao kwenye jiwe, kisha uwanja wa mchezo wa mpira wa kale, ambao wachezaji waliupiga kwa nyonga bila kutumia mikono. Alisema mara nyingine mchezo ulipokwisha, nahodha wa upande mmoja alikatwa kichwa. Mtalii mzee aliuliza kama ni aliyeshinda au aliyeshindwa. Mwongozaji alisema vitabu havikubaliani.

"Angalau kwao hakuna nafasi ya nne," meneja alisema kwa Kiswahili, na msichana akacheka mpaka akaziba mdomo.

Nilikaa kwenye gogo. Mmoja wa wacheza ngoma, mwanamume aliyepakwa rangi nyekundu na nyeusi na kuvaa manyoya marefu kichwani, aliuona mguu wangu. Alileta sindano na ndimu iliyokatwa, akapiga goti, akaushika mguu wangu kama fundi wa viatu anavyoshika kiatu, akaanza kuchokoa. Hakuwa mpole. Miba mingine ilitoka, mingine ilikatikia ndani. Nilipoinua macho, watalii walikuwa wametuzunguka, simu zao juu. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipokamulia ndimu nami nikalia, mama mmoja wa Kizungu alimwambia mumewe kwamba wanatumia dawa halisi za asili, na alipomaliza walipiga makofi.

Yule mwanamume aliinuka akanyoosha kikapu. Wageni wakatia dola. Kikanifikia mimi. Mfukoni nilikuwa na noti moja tu ya shilingi hamsini, ya nyumbani. Aliigeuza upande huu na huu, akanirudishia.

Kisha meneja alitaka picha yetu tukicheza na Wamaya. "Rukeni kidogo, kama Wamasai."

"Sisi si Wamasai," nilisema.

"Na hapa nani anajua? Wewe piga makofi basi, huyu ataruka."

Msichana aliruka. Aliruka vizuri, alikuwa na misuli mizuri ya nyuma ya mguu, na kila aliposhuka nilimtazama visigino. Vilikuwa vizima.

Tukirudi kwenye basi, nilikaa naye kiti kimoja. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu tayari nilikuwa nimekwisha kufikiri.

"Yule wa boti alipoonyesha chini kwa kidole, alisema nini?"

"Alisema msisimame juu ya mawe. Alisema yako hai na yana miba."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?"

"Uliambiwa unitafsirie."

"Nilikutafsiria, Kogo. Nilikutafsiria mengi." Alitoa kitambaa akafuta jasho shingoni. "Kesho nikikwambia unipishe kwa sababu nina watoto wa dada yangu wa kulipia karo, utanipisha?"

"La."

"Basi unanilaumia nini?"

Basi lilitushusha hotelini. Alinibebea begi langu hadi chumbani, akaniletea barafu kutoka jikoni bila kuombwa. Ningependa kuandika kwamba lilikuwa jambo la unafiki, lakini barafu ilikuwa nyingi na aliibadilisha mara mbili.

Asubuhi kisigino kilikuwa kimevimba. Niliyakata matandiko ya ndani ya kiatu kwa wembe ili kupata nafasi, nikafunga kamba za juu tu. Niliamua kutua kwa vidole peke yake. Ni mtindo unaofaa kwa mtu anayekimbia mita mia nne. Kwa nusu marathoni mguu huomba radhi mapema. Lakini ganzi ya barafu ilinisaidia, na jua lilikuwa bado chini. Wahabeshi waliondoka mapema kama nilivyotarajia. Mimi nikashika nafasi ya tatu, na nyuma yangu nikasikia viatu vyake, karibu, havizidi wala havipungui. Angeweza kunipita wakati wowote. Alingoja.

Baada ya kilomita ya kumi na nane alikuja ubavuni.

"Kogo, damu imetoka nje ya kiatu."

"Najua."

"Simama basi. Usijiue."

Sikusimama, wala sikumpisha. Alizunguka upande wa nje akapita, na kwa muda nilimfuata kwa macho, kisha misuli ya nyuma ya mguu ikakakamaa ikawa kama mti. Nilimaliza nikitembea na kukimbia kwa zamu. Bado nilikuwa wa nne. Nyuma yetu hakukuwa na mtu karibu.

Meneja alipiga hesabu mezani kwa kalamu ya hoteli: asilimia zake, faini ya hifadhi, daktari aliyetoa miba iliyobaki. Nilichopata kilitosha kunitoa Nairobi hadi Boito, na mfuko wa unga wa ngano.

Shemeji zangu walikuja nyumbani siku chache baada ya Mwaka Mpya. Niliwapikia chai. Mkubwa aliniuliza habari za mguu. Nilisema unapona.

"Tulikuona kwa simu ukichokolewa na yule mtu wa manyoya," alisema. "Meneja wako aliweka video mtandaoni. Watoto waliitazama mpaka bando likaisha."

Mdogo wake alitazama chini ndani ya kikombe, akitabasamu.

Niliomba mwezi mmoja. Nilisema kuna mbio nyingine Machi, na kwamba mwezi mmoja si kitu kwa watu wa nyumba moja.

"Shemeji, wewe ndiye ulipenda mambo yaandikwe," mkubwa alisema. "Sisi tulitaka tuongee tu kama familia. Sasa yameandikwa, tufanyeje?" Akamalizia chai yake. "Jirani anaanza Jumatatu. Nimemwambia unachuma haraka. Kama utataka, atakulipa kwa kilo kama wale wengine."

Nilimwuliza kuhusu pesa nilizokwisha kulipa. Alisema hiyo ni kodi, kama ilivyoandikwa. Walipotoka nilivua kiatu, nikakaa mlangoni, nikajumlisha tangu malipo ya kwanza hadi ya mwisho, ingawa sikuhitaji kujumlisha. Ilikuwa shilingi laki tatu na elfu arobaini.