Hester na Kipande cha Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita, Hester Quillby aliivika dunia nguo. Katika karakana ya Bwana Tapley, uchochoroni Holborn, London, wanaume waliunda matufe ya dunia kwa karatasi chakavu na kuyapaka chokaa. Hester, aliyekuwa mjane, kwenye kiti cha dirishani penye mwanga, alibandika ramani: vipande kumi na viwili vyembamba, mfano wa maganda ya chungwa yaliyomenywa ncha hadi ncha. Siku hizo dunia ilipita mikononi mwa mtu. Leo mashine huitema kama kokwa, na hakuna anayejali.

Jumatatu moja akaja kuomba kazi Bartram Stoke, fundi wa majalada ya vitabu, ndevu zimechanwa, mdomo haupumziki.

"Bwana, huyu mama akibandika moja, mimi nimemaliza mawili."

Tapley akajikuna shingo. "Basi kila mtu tufe lake. Mshindi atakalia kiti."

Kiti kile ndicho kilichomlisha Hester.

Bartram akalowesha vipande vyote kwa mpigo, akabandika chapuchapu. Hester akalowesha kimoja, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, ndipo akakibandika. Cha pili, ubeti uleule.

"Mama, tuko kazini au mazishini?"

"Subiri, mwanangu. Maiti utaileta wewe."

Mafundi wakaangua kicheko. Bartram naye akacheka, hadi alipofika kipande cha mwisho. Karatasi iliyolowa hutanuka, na vile vilivyosubiri vilikuwa vimenenepa. Cha kumi na mbili hakikupata nafasi. Akakisukuma, kikapanda juu ya jirani yake.

Tapley akainama. "Visiwa vya Pasifiki viko wapi?"

"Vipo, bwana. Viko chini ya hiki."

"Nahodha atapiga mbizi kuvitafuta!" akadakia seremala mmoja wa karakana.

Hester akamaliza ubeti wa kumi na mbili, akalaza kipande chake. Mstari wa ikweta ukakutana na mwenzake. Tapley akapitisha ukucha kwenye maungio, haukukwama popote.

"Kaa kitini pako, Bibi Quillby. Na huyu nimfukuze?"

"Muache, ana mikono mizuri. Kinachompungukia ni wimbo wa kupimia muda wa kulowa."

Hester akamvutia kigoda karibu na dirisha. Alasiri nzima Bartram aliimba kama mbuzi aliyekabwa, lakini vipande vyake vikaanza kukutana.