Salamu za Ghorofa ya Pili

Kaka yangu ni kinyozi, na mdomo wake haujui likizo. Yeye anakaa ghorofa ya nne, mimi ya pili, na cherehani yangu nimeiweka karibu na mlango ili nipate mwanga. Kila jioni akirudi kutoka kazini lazima asimame kwangu, mkono kwenye fremu ya mlango, anisalimie. Na si salamu za juu juu. Ataniuliza hali yangu, atauliza wateja wangu, atamuuliza paka, na mwisho atataka kujua kama cherehani naye hajambo. Majirani wakampachika jina, Mzee Salamu. Mimi nilivimba kichwa. Ndugu wa wenzangu hupitana kama hawajuani, wangu hawezi kwenda kulala bila kuniona!

Siku moja alikwenda zahanati kupima presha. Daktari akasikia mvumo usio wa kawaida moyoni mwake, akamwandikia akapigwe picha ya moyo hospitali. Nikamsindikiza, maana peke yake angeishia getini akipiga soga na mlinzi.

Mpimaji, dada mmoja mpole, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akampaka jeli ya baridi kifuani, akakigandamiza kifaa chake hapo.

"Baba, usitikisike. Na usiongee."

Kaka akacheka. "Usitikisike! Hilo neno ni langu, nawaambia wateja kila siku."

"Leo mteja ni wewe."

Akanyamaza. Nakuapia, sijawahi kumwona kimya hivyo. Kwenye skrini moyo wake ulikuwa unadunda, na vali, kile kilango cha kutolea damu, ambayo ilipaswa kufunguka wazi, ilikuwa imekakamaa na kuacha upenyo mwembamba tu. Mpimaji akatueleza kwamba damu ikibanwa hukimbia, kama maji ya mpira ukiuziba mdomo kwa kidole. Mashine hupima ile mbio, na ikizidi, ujue vali imebana zaidi. Damu ya kaka ilikuwa inatimka.

Daktari wa moyo alipoziona picha hakuzunguka.

"Vali imebana sana, mzee. Sasa niambie kweli. Ukipanda ngazi unahema? Kama huna dalili yoyote, tunaweza kusubiri huku tukikuangalia. Kama unazo, lazima tuibadilishe mapema. Kuchelewa kunaweza kukuua."

"Mimi? Mzima kama chuma! Napanda mpaka ghorofa ya nne."

"Bila kusimama?"

"Nasimama kumsalimia dada yangu tu."

Hapo nikauona ule mkono kwenye fremu. Nikakumbuka jasho la usoni, na jinsi anavyotulia kidogo kabla ya kila swali.

"Muongo!" nikapayuka, hata nikasahau tuko mbele ya daktari. "Ndiyo maana unauliza hali ya cherehani! Ulikuwa unavuta pumzi!"

Kaka akainamisha kichwa. "Naogopa kupasuliwa, mdogo wangu."

Nilikuwa na hasira, na niliumia. Kumbe zile salamu zote nilizojivunia zilikuwa kituo cha kupumzikia! Lakini niliogopa zaidi kumpoteza, nikamshika mkono. "Vali itabadilishwa," nikamwambia, "hata kama ni kukuburuta." Daktari akaandika.

Ikabadilishwa. Alipopona akapigwa picha nyingine, na safari hii damu ilikuwa inapita bila kusukumana.

Siku aliyorudi kazini, jioni nikasikia viatu vyake ngazini. Nikaacha kushona. Vikafika mlangoni kwangu, vikapita, vikapanda mpaka juu bila kusimama, na mlango wake ukafunguka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikautazama mlango wangu mtupu, machozi yakanilenga.

Punde viatu vikaanza kushuka. Kaka akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Nimefika juu moja kwa moja, wala sikuhema," akasema. "Sasa nimerudi kusalimia. Cherehani hajambo?"