Rili ya Mzee Hamish na Ugali wa Mama

Juzi niliunguza ugali. Si kidogo, jamani. Nyumba nzima ilinuka ukoko, wajukuu wakakimbia kufungua madirisha. Mimi nimesimama na mwiko wangu, nacheka peke yangu. Harufu ile ilinirudisha Hopkins, mji mdogo hapa Amerika, miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa. Na msianze kunihesabia umri! Shule niliikimbia mapema, nikaolewa, ndiyo maana nyanya yenu bado ana meno yote.

Tulikaa ghorofa ya pili, mama na mimi. Mama alikuwa anahudumia wazee wa kizungu kwenye nyumba yao ya wazee. Lakini Jumamosi mchana ilikuwa ya wanafunzi Wakenya. Walikuja kumi, siku nyingine kumi na watano, wamechoka na mkate. Sasa ugali wa watu kumi na watano utausonga juu ya stovu ya stima inayoyumba? Mama aliteremsha sufuria sakafuni, akaibana kwa nyayo zake mbili, akainama, akasonga. Pu! Pu! Pu! Hata vikombe vilicheza kabatini.

Chini yetu alikaa Mzee Hamish, Mskoti, peke yake na fidla yake. Naye Jumamosi hiyo hiyo mchana ndiyo alikuwa anapiga. Alipiga muziki wa kwao wa kucheza, wenyewe wanauita rili. Ni wa mbio, unazunguka na kuzunguka, hauna hata pa kuvutia pumzi. Mimi nililala kifudifudi, sikio kwa kapeti, miguu inacheza yenyewe.

Basi siku moja barua ikasukumwa chini ya mlango. Meneja wa jengo anasema kuna kelele, na zikirudiwa tutahama. Mama akaniambia nisome, halafu nisome tena. Akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi.

"Ni yule mzee wa chini ametushtaki," akasema. "Tutaenda wapi, Njeri, na baridi hii?"

Tangu hapo ugali ukawa wa juu ya stovu, kidogo kidogo, mabonge matupu. Wanafunzi walikula kwa heshima tu. Mmoja anaitwa Kamau ikamshinda.

"Mama Njeri, haya mawe ni ya kujengea?"

Mama hakucheka. Na huko chini fidla ikanyamaza. Wiki tatu, kimya. Niliona kama jengo zima limefiwa.

Jumamosi ya nne tukasikia hodi. Ni Mzee Hamish, kofia mkononi, na mkebe wa biskuti. Mama akaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza chake chote. Mzee naye anaomba msamaha. Wakaombana msamaha pale mlangoni, hakuna anayemsikia mwenzake! Ikabidi mimi niwe hakimu. Kumbe mzee naye alipata barua ile ile, akadhani sisi ndio tumemshtaki. Maana hapa Amerika jirani akichoka na kelele zako anakugongea sakafu, na ile pu pu yetu ya ugali aliichukua hivyo.

"Mama yako ana hasira sana?" akaniuliza. "Kabla ya barua, hata nikinyamaza, yeye aliendelea tu kugonga!"

Mama alicheka mpaka akashikilia mlango. Akamvuta mzee mpaka jikoni, akateremsha sufuria, akamwonyesha. Mzee akatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa meneja. Akamwambia yeye ndiye anakaa chini ya ile sakafu, na hana neno nayo. Meneja akasema kama wa chini hana neno, basi yeye hana kesi. Aliyelalamika ni nani? Mpaka leo sijui, na ugali tulikula.

Jumamosi iliyofuata mzee akapanda na fidla. Mama anasonga, yeye anapiga, pu pu pu ndiyo ngoma. Kamau alirusha miguu mpaka soksi ikatoka. Wimbo ulipokwisha mzee alikuwa anafuta macho. Akasema rili ile aliachiwa na baba yake, na haikuwa na jina. Kwao rili inaweza kupewa jina la mama mwenye nyumba ilimochezwa.

"Jina lako nani?" akamuuliza mama.

"Mama Njeri."

Akaliandika kwenye karatasi yake ya muziki, herufi kubwa. Mimi nilijisifu shuleni mwezi mzima: wazungu wana rili yangu!

Nilikuja kuelewa nilipozaa, watu wakaanza kuniita Mama Shiru. Kazini mama aliitwa Nansi, maana jina lake liliwashinda. Hilo Nansi ndilo aliwapa wazungu wote, na angeweza kumpa mzee pia. Lakini siku hiyo, na jasho usoni na watu wameshiba, alitoa lile la nyumbani, lile alilolipenda. Rili haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama, na mimi nilibebwa tu ndani yake, vile alivyonibeba mgongoni.