Safu ya Utii

Mwalimu mkuu wa shule yetu ndogo pale Kalangalala aliponiambia nitunge mtaala wa maadili, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimechoshwa na watoto wa kukariri. Nilitaka mtoto mzima: akili, mikono na moyo. Mimi nimelelewa mtaa wa Kambarage na baba fundi cherehani, aliyenifundisha uvumilivu kwa kunipa vifungo nishone, na niliamini kila nyumba ina somo kama lile. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Nikabuni daftari la maadili. Mtoto anakwenda nalo nyumbani, mzazi anaandika mtoto amesaidia nini, na mimi kila Ijumaa naweka tiki ya wino mwekundu kwenye safu tatu: utii, bidii, unadhifu. Wazazi walilipenda. Hata wale wanaoshinda kwenye mashimo ya dhahabu, ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wa shule, walijaza bila kukosa.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la nne, mpole kupita kiasi. Mama yake alikuwa akiosha marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wamekwisha kutoa dhahabu yao, akitafuta mabaki. Kila siku daftari lilisema neno lile lile: “Amenisaidia jikoni.” Utii, tiki. Bidii, tiki. Unadhifu sikumpa. Mwandiko wake, uliokuwa mzuri sana darasa la tatu, ulikuwa umeanza kutoka nje ya mstari na herufi zimepinda-pinda. Nilimwambia anaharakisha. Akasema, “Samahani, mwalimu,” akafuta, akaandika tena, ikawa vilevile. Siku nyingine alimwaga uji kabla kikombe hakijafika mdomoni. Wenzake wakacheka, nami nikamwita mzembe mbele yao. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya mkutano wa wazazi nilimvuta mama yake pembeni.

“Mama, binti yako ni mtiifu kweli, ila mikono haina utulivu. Mpe kazi ndogondogo zinazotaka umakini, itatulia yenyewe.”

Nilisema kwa sauti ya mtaalamu, bila kumuuliza hata swali moja. Yeye aliitikia kwa kichwa na kunishukuru.

Mtaala wangu ulitaka pia mwalimu atembelee nyumba za wanafunzi. Kwake nilifika wiki tatu baadaye, Alhamisi, masomo yalipokwisha. “Mwadila, mwalimu, karibu,” mama alinisalimu Kisukuma, akaniingiza na kufunga mlango haraka nyuma yangu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kiroba. Chumba kilijaa harufu ya mkaa. Binti alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, ameshika kijiko kwa mikono yote miwili. Ndani ya kijiko kulikuwa na kidonge cheupe kinachong'aa, dhahabu iliyokamatwa na zebaki. Moto ulikuwa unaigeuza zebaki kuwa moshi wa sumu, na uso wa mtoto ulikuwa juu ya moshi huo. Kijiko kilikuwa kinatetemeka.

“Mwanzo nilikuwa namwachia kupepea mkaa tu,” mama aliniambia, amejaa furaha. “Uliposema kazi za umakini, nikampa kijiko. Na dirisha nimeziba, upepo usimsumbue.”

Binti aliinua macho. “Shikamoo, mwalimu. Leo sijamwaga.”

Nililipiga jiko teke. Nilimshika mkono nikamtoa nje, mama akipiga kelele nyuma yetu, mtoto akilia kwa kudhani amekosea. Hospitalini daktari aliuliza ni tangu lini, mama akajibu kwa sauti ndogo, “Tangu mwaka jana.” Nikauliza kama mikono itatulia. Daktari alisema tumwondoe kwenye moshi kwanza, mengine tutayaona baadaye. Hakutuahidi kitu, nami niliogopa kuuliza tena.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya tiki. Nilikaa ofisini mbele ya lundo la madaftari ya darasa la nne, kalamu nyekundu mkononi. Nikafungua la juu, la mtoto mwingine kabisa. “Amenisaidia jikoni.” La tatu, hivyo hivyo. La sita pia, kwa mwandiko wa baba mmoja mchimbaji. Nikarudi nyuma kurasa za wiki zilizopita, na kwenye safu ya utii, kila wiki, kulikuwa na tiki yangu.